Rangi Inayozimika kwa Kusongamana

Masomo ya juma: Matendo ya Mitume 6:1–6, 8:1–8, 11:19–30



Juma hili nawaletea habari za rangi. Si zile za zambarau na kijani tunazobadilisha juu ya madhabahu kwa kufuata kalenda ya kanisa, bali rangi ya kiwandani iitwayo perilini. Kabla ya kwenda chuo cha theolojia nilikuwa mwalimu wa kemia, na kemia ikishamwingia mtu haimtoki kwa kuvaa kola. Asiyependa molekuli aruke aya chache, atatukuta Samaria.

Perilini asili yake ni lami ya makaa ya mawe, ule uchafu mweusi unaochuruzika makaa yakichomwa bila hewa. Kiini cha molekuli yake ni atomu 20 za kaboni zilizojipanga katika pete tano, bapa, bila mgongo wala tumbo. Mwaka 1913 mkemia aitwaye Kardos alieleza jamii ya rangi zilizojengwa juu ya kiini hicho, nazo zikatumika kwanza kutia nguo rangi. Kufikia miaka ya 1950 zilikuwa zimeingia kwenye rangi za kupaka, na huko ndiko zilikojipatia sifa. Ukiliona gari la rangi ya damu ya mzee lililoshinda juani miaka na miaka bila kupauka, huenda limepakwa rangi ya jamii hii. Haiyeyuki kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, na jua haliiwezi upesi. Wapaka rangi hawakutaka zaidi ya hapo.

Kung'aa lakini, hapana. Ndani ya kopo ni unga mzito, umekolea, macho yanaufikia na kuishia hapo hapo. Rangi hizi zilikuwa zimekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka 40 ndipo, mwaka 1959, Geissler na Remy wa kampuni ya Hoechst huko Ujerumani walipoonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: rangi za ukoo huo huo, zikiyeyushwa zikawa chache na zilizotawanyika ndani ya kimiminika, huwaka. Ukimulika chupa yake kwa mwanga, chupa nzima inakuwa kana kwamba ina taa ndani.

Kiini kilikuwa kile kile cha mwaka 1913. Kilichobadilika ni nafasi kati ya molekuli na molekuli.

Nieleze kidogo, maana tafakari yote ya leo inasimama hapa. Molekuli bapa hupenda kulaliana kama sahani zilizopangwa kabatini. Katika unga wa rangi, uso wa moja uko karibu nanomita 0.35 tu kutoka uso wa nyingine, yaani hakuna hata atomu moja inayoweza kupenya katikati. Sasa molekuli moja katika rundo hilo ikipokea mwanga, haibaki nao. Nguvu ile inahamia kwa jirani, jirani anaipisha kwa jirani, inazunguka rundo zima mpaka inakutana na pengo au kasoro fulani, na hapo inageuka kuwa joto. Hakuna mwanga unaotoka. Wakemia wanasema umezimwa, na aliyeuzima si adui wala giza la nje. Umezimwa na wenzake walioulalia kwa karibu mno.

Molekuli hiyo hiyo ikiwa na nafasi yake, mambo ni mengine kabisa. Chukua ile nyekundu inayotumiwa sana maabara, ambayo wahandisi wanaijua kwa jina la biashara la Lumogen F Red 305. Inapenda zaidi kula mwanga wa manjano wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 575. Ikiupata, inauhifadhi kwa karibu nanosekunde sita (muda ambao mwanga hewani haujafika hata mita mbili), kisha inautoa tena, safari hii ukiwa mwekundu, karibu na nanomita 610. Katika kila fotoni mia inazopokea, zaidi ya tisini na tano zinarudi nje. Kila inayorudi imepungukiwa nguvu kidogo, kama asilimia sita hivi, ambayo imebaki ndani ikawa mtikisiko na joto. Kwa hiyo perilini haina mwanga wake yenyewe. Iweke gizani, ni gundi tu na vumbi. Lakini pia hairudishi mwanga ule ule ilioupokea. Imepewa manjano, inatoa wekundu, na wekundu huo ni wa kwake, unatokana na umbo ililolipata.

Mmeona jambo hili barabarani. Kile kitambaa cha manjano-kijani cha reflekta za bodaboda hufanya kazi kwa njia hiyo mchana, kwa rangi za jamii nyingine: kinakula sehemu ya mwanga wa jua tusiyoihitaji sana kuonea, kinairudisha katika rangi ambayo jicho la dereva haliwezi kuipuuza. (Mistari ya fedha iliyoshonewa juu yake ni habari tofauti, hiyo hurudisha taa ya gari usiku.)

Basi wakemia walikuwa na kazi: wafanye nini ili molekuli hizi zisilaliane? Kule München, Heinz Langhals alizivika minyororo ya kaboni yenye panda mbili kila upande, wenyewe wakaiita mikia ya mbayuwayu, nayo ikazifanya ziyeyuke vizuri na kukaa mbalimbali. Kampuni ya BASF ya Ludwigshafen ilipita njia nyingine. Seybold na Wagenblast, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1989, walikuwa na molekuli zilizopachikwa pete nne za ziada ubavuni, pale panapobana. Pete hizo zina unene, zinasukumana, na kwa kusukumana zinakipinda kiini chenyewe karibu nyuzi 25. Ile molekuli bapa ya mwaka 1913 sasa imepinda mgongo. Hailali vizuri juu ya mwenzake tena hata ikitaka. Hiyo ndiyo Red 305, na ndiyo maana inawaka.

Napenda sana kwamba dawa haikuwa kuongeza mwanga. Taa za maabara zilikuwa zile zile.

Sasa twende Yerusalemu, halafu Samaria.

Luka anaanza kitabu cha Matendo kwa agizo lenye ramani: mashahidi wataanzia Yerusalemu, waende Uyahudi yote na Samaria, hata mwisho wa nchi. Agizo liko sura ya kwanza. Msomaji makini ahesabu sura zinazofuata. Sura ya pili wako Yerusalemu, wanabatizwa watu kama elfu tatu kwa siku moja. Sura ya nne wanaume tu wamefika kama elfu tano, wako Yerusalemu. Ya tano wanakutana ukumbi wa Sulemani, Yerusalemu. Ya sita wana mgogoro wa mgawo wa chakula cha wajane, mgogoro wa kweli, wanauchagulia watu saba wa kuhudumu mezani, na bado ni Yerusalemu. Sikatai kwamba yalikuwa maisha mazuri. Walikula pamoja, waliuza mali wakagawana, walisali pamoja kila siku. Nani asingependa kukaa hapo? Tatizo ni kwamba Samaria ilikuwa mwendo wa siku mbili tatu tu kwa miguu, na hatusomi kwamba kuna kikundi kilichotumwa.

Kisha Stefano anauawa kwa mawe, dhuluma inazuka, na kanisa linatawanyika. Hapa Luka anaweka neno dogo ambalo wahubiri wengi tunalipita mbio: wote walitawanyika isipokuwa mitume. Maaskofu, tuseme, walibaki makao makuu. Waliokwenda ni washarika wa kawaida, mama na watoto, mafundi, wale waliokuwa wakigombea mgawo wa unga sura mbili nyuma. Na anayetajwa kwa jina kuingia Samaria ni Filipo, mmoja wa wale saba wa mezani. Hakuitwa kuhubiri, aliitwa kugawa chakula. Luka anasema mji ule ukawa na furaha kubwa. Wengine wakafika Foinike, Kipro na Antiokia, na huko Antiokia watu wa Kipro na wa Kirene wakavuka mpaka wakawaambia habari Wayunani. Hata majina yao hatukuachiwa.

Naomba nitulie hapa kidogo, maana somo hili hutumiwa vibaya. Wapo wahubiri watakaosimama mbele ya watu waliofukuzwa makwao na kuwaambia kwamba Mungu amewatawanya ili injili ienee. Luka hasemi hivyo. Anasema watauwa walimzika Stefano na kumwombolezea kwa kilio kikubwa, na anamtaja Sauli akiburuza wanaume na wanawake gerezani kama uovu, bila kuupamba. Mateso si mkakati wa Mungu wa uinjilisti. Kilichoandikwa ni kwamba watu wale, walipojikuta mbalimbali, waliwaka. Na mimi ninauliza kama ilikuwa lazima wangoje mawe.

Hilo ndilo swali nililo nalo kwa usharika wetu, na wengi mnajua ninakokwenda. Baraza la wazee limekubali tufungue mtaa mpya ng'ambo ya mto. Kiwanja kipo, na ibada ya kwanza itafanyika chini ya turubai. Tumeomba kaya kumi na tano zihamie huko, zikiwa na waimbaji, walimu wa shule ya Jumapili na angalau mzee mmoja wa kanisa anayejua kutunza kitabu cha sadaka. Tangu tutangaze, nimepokea wageni wengi ofisini kuliko msimu wa ndoa. Kwaya kuu inasema ikiwatoa watu sita itakuwa imekufa. Umoja wa wanawake wanasema hawapingi, ila kwa nini wasichukuliwe wa ibada ya kwanza. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, mpaka nikakosa la kujibu, kwamba amekaa benchi lile tangu mkewe alipokuwa hai.

Nawaheshimu wote. Lakini tuutazame usharika wetu bila kupendeleana. Kwaya yetu husherehekea kumbukumbu ya mwaka, ikazialika kwaya nne. Kwaya hizo nne nazo zina kumbukumbu zao, zikatualika. Tunashona sare kwa ajili ya mwaliko, tunachanga nauli kwa ajili ya mwaliko, na wanaosikiliza mwaka mzima ni wanakwaya. Semina ya ndoa huhudhuriwa na wale wale walioihudhuria mwaka jana, nao ni watu wenye ndoa nzuri kweli kweli. Tukikusanyika kupanga tunapanga kukusanyika. Nguvu ipo, hilo silikatai, hata ukigusa unasikia joto. Inazunguka kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na kule ng'ambo ya mto hakuna aliyeona kitu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu, na nusu hiyo ina hatari yake. Kuna mtu tayari anajiambia moyoni: ndiyo maana mimi huabudu nyumbani kwa redio, nina nafasi yangu. Rudi kwenye rangi, ndugu yangu.

Mwaka 1917 Einstein alionyesha kwa hesabu jambo la ajabu juu ya mwanga. Atomu au molekuli iliyokwisha kupokea nguvu, ikiachwa, hutoa mwanga wake wakati wowote na kuelekea popote. Lakini fotoni ya rangi inayofaa ikipita karibu nayo kabla haijautoa, huichochea itoe wakati ule ule, na mwanga unaotoka unafanana na ule uliopita kwa kila hali: rangi ile ile, upande ule ule, hatua kwa hatua. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini mpaka Theodore Maiman alipoiwasha leza ya kwanza, kwa kijiti cha yakuti, tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California. Mwaka 1966 Sorokin na Lankard wa IBM, na Schäfer na wenzake Marburg bila kujuana, wakapata leza kutoka rangi zilizoyeyushwa.

Baada ya hapo watu walijaribu rangi katika kila kitu. Arthur Schawlow wa Stanford, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alichukua gelatini za dukani, zile tamu za watoto, za ladha kumi na mbili, akazipika kwa kufuata maelezo ya pakiti, na pamoja na kijana wake wa maabara Theodor Hänsch wakazipiga kwa leza. Hakuna hata moja iliyokubali. Schawlow akazila. Kisha wakachanganya gelatini isiyo na ladha na rangi ya fluoresini, nayo ikatoa leza. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1971. Hänsch naye alikuja kupata Nobel, mwaka 2005, kwa kazi nzito zaidi ya ile. Napenda kuwaambia vijana kisa hiki kila wanapodhani watu wa sayansi hawacheki.

Perilini iliingia kwenye leza ngumu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mji ulioipokea ni Yerusalemu. Katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, Renata Reisfeld na wenzake walitaka leza iliyo imara, isiyo na chupa za kimiminika. Kioo cha kawaida huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1000 na lingeiunguza rangi yote, kwa hiyo walitumia kioo kinachogandishwa polepole kutoka kwenye kimiminika kwa joto dogo, chenye vitundu vidogo mno, wakavijaza plastiki ya akriliki iliyotiwa rangi ya perilini. Kwamba ni Yerusalemu ile ya somo letu ni bahati tu. Sijengi mahubiri juu yake, ila nimetabasamu.

Tazameni sasa nafasi katika leza kama hiyo. Kwa ukolezi wa moja ya elfu kumi ya moli katika lita, ambao ni wa kawaida katika kazi hii, molekuli moja ya perilini iko wastani wa nanomita 25 kutoka kwa mwenzake, zaidi ya mara kumi ya urefu wake yenyewe. Kwenye unga ilikuwa 0.35. Hazigusani kabisa. Lakini ziko ndani ya kipande kimoja, zimelishwa na mwanga mmoja wa kijani, na pande mbili za kipande kuna vioo vinavyotazamana. Ukizipunguza mno, mwanga unapita katikati bila kukuta wa kumchochea, unatoka mwisho kama ulivyoingia. Molekuli iliyojitenga peke yake kwenye ndoo ya akriliki inang'aa, ndiyo, lakini haiwezi kuwa leza.

Kuna jambo la kizingiti pia. Ongeza nguvu kidogo kidogo: kipande kinang'aa huku na huko, wekundu mpana, unaona kila upande. Ongeza tena, bado ni hivyo. Kisha inafika mahali ambapo kiasi kinachozalishwa kwa kila mzunguko kati ya vioo kinazidi kinachopotea, na ghafla kitu chenyewe kinabadilika. Upana wa rangi, uliokuwa makumi ya nanomita, unasinyaa hadi nanomita chache, na mwanga uliotawanyika unakuwa mshale unaovuka chumba. Anayetazama kabla ya kizingiti angeapa kwamba hakuna linaloendelea. Wale mnaofundisha kipaimara kwa miaka na kuona vijana wanatazama saa tu, nawaombeni msome aya hii mara ya pili.

Na vioo viwili vile havifanani. Kimoja hurudisha mwanga wote, au karibu wote. Kingine hutengenezwa makusudi kivuje, kirudishe sehemu na kuachilia sehemu. Ungevifunga vyote viwili barabara, ndani pangekuwa na mwanga mkali sana na nje pasingekuwa na kitu. Wahandisi hutumia muda mwingi kuamua kioo kile kivuje kwa kiasi gani, kwa sababu kikivuja mno leza haiwaki, na kisipovuja haina faida. Sisi mlango wetu mkubwa wa kanisa tumeuwekea kamati ya mapokezi, watu wazuri wenye beji. Sijawahi kuona kamati ya kutoka.

Ndivyo lilivyokuwa kanisa la Matendo baada ya kutawanyika. Antiokia na Yerusalemu ziko mbali, mamia ya kilomita, na watu wake wana lugha na vyakula tofauti. Lakini Yerusalemu ilipopata habari ilimtuma Barnaba, naye alipofika hakuwaamuru wawe Wayahudi wa Yerusalemu. Luka anasema alifurahi. Agabo alipotabiri njaa, wale wa Antiokia waliochanga kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa ndio waliopeleka msaada kwa wazee wa Uyahudi, kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Sauli yule yule wa sura ya nane. Walikuwa na nafasi kati yao na walikwenda upande mmoja, na mto mmoja haukuwa sababu ya kuitana wengine.

Niseme pia mahali mfano huu unapokatika, kabla mwanafunzi wangu wa zamani hajaniandikia. Molekuli haina hiari. Haimpendi jirani yake wala haimchukii, na ikizimika haitubu. Wala kusongamana kwetu si kwa kimaumbile tu. Wakati mwingine ni woga, wakati mwingine ni upendo wa kweli kwa benchi ambalo marehemu alikaa. Mzee yule abaki kwenye benchi lake. Nimeshamwambia.

Jambo moja lingine kuhusu rangi hizi linanihusu mimi na baraza la wazee zaidi ya ninyi. Zinakufa. Pale molekuli inapokuwa imebeba nguvu, oksijeni iliyo karibu inaweza kuishambulia, na kiini kikivunjika hakiwaki tena milele. Rodamini, rangi maarufu zaidi katika leza, huwaka kwa urahisi lakini ndani ya plastiki huchoka mapema. Perilini ni nzito zaidi kuanza ila huvumilia kupigwa kwa muda mrefu. Hata hivyo nayo ina mwisho. Wenye leza za kimiminika huisukuma rangi izunguke kwa pampu, ili molekuli iliyopigwa iondoke kwenye mwali na nyingine ichukue nafasi. Wenye leza ngumu huzungusha kipande chenyewe, mwali usipige mahali pamoja bila kupumzika. Hakuna fundi mwenye akili anayeacha nukta moja ipigwe mpaka ipauke, halafu akailaumu kwa kukosa bidii.

Sisi tunafanya hivyo kwa wainjilisti. Tunampeleka mtu kwenye mtaa wa mbali, anahubiri kila Jumapili, anazika, anapatanisha wanandoa, anafyeka kiwanja, anaandika taarifa, na baada ya miaka sita anapoanza kukosea majina ya watu tunamwita kwenye kikao. Eliya alipolala chini ya mretemu na kuomba afe, malaika hakumletea semina. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Ndiyo maana nimeliomba baraza, na limekubali, kwamba mtaa mpya hautakuwa na mwinjilisti mmoja wa kudumu katika mwaka wa kwanza. Watakuwa watatu kwa zamu za miezi minne, na aliyemaliza zamu yake anapewa mwezi bila jukumu lolote, hata la kufungua ibada kwa sala. Mkimwona amekaa nyuma kanisani na familia yake mwacheni akae.

Kuhusu kaya kumi na tano: mpaka jana jioni zilikuwa zimejiandikisha tisa. Orodha iko kwa mzee wa kanisa wa zamu, baada ya ibada zote mbili, na fomu ni ya ukurasa mmoja. Hatuchagui wa ibada ya kwanza wala ya pili, anayekwenda anakwenda kwa hiari yake. Wanaohama wataendelea kushiriki Meza ya Bwana pamoja nasi hapa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na sadaka ya mavuno mwaka huu tutaileta pamoja, wao na sisi, kama walivyofanya watu wa Antiokia. Turubai limelipiwa, viti tunaazima kwa jirani ambaye si mshiriki wa kanisa lolote na amekataa kupokea kodi. Upande wa waimbaji tumepata soprano wawili, alto mmoja na tenori wawili. Besi bado hakuna hata mmoja, na kwaya kuu ina besi tisa.